Mwanafunzi wa Uhandisi wa Programu Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wenyewe, wazazi wao, na wenye biashara wanaofikiria kumpa mwanafunzi kazi. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale yanayozua ubishi. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, tumetaja nambari ya swali.

## Asili na masomo

1. Uhandisi wa programu una tofauti gani na sayansi ya kompyuta au TEHAMA?

Sayansi ya kompyuta huchunguza ni nini kinachoweza kukokotolewa na kwa kasi gani. TEHAMA hushughulika na kuweka na kuendesha mitambo: mitandao, seva, akaunti za watumiaji. Uhandisi wa programu ni kazi ya kutengeneza programu ambayo wengine wataitegemea kwa miaka, kwa hiyo nusu ya masomo ni ya kuuliza mahitaji, kusanifu, kupima na kurekebisha, wala si kuandika msimbo (code) pekee. Jina lenyewe lilipata nguvu baada ya mkutano wa NATO uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati miradi mikubwa ya programu ilikuwa ikichelewa na kupita bajeti.

Digrii huchukua miaka 4, si 5 kama uhandisi wa umeme au wa ujenzi.

2. Nilipata C+ ya jumla lakini Hisabati ilinishinda. Bado naweza?

C+ ya KCSE ndiyo kiwango cha chini cha kuingia digrii. Lakini kozi za kompyuta huangalia pia alama ya Hisabati, mara nyingi na Fizikia, na kila chuo kina kiwango chake. Hakikisha kwenye mfumo wa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kabla ya kuchagua kozi. Mwenye C- anaweza kuanza na diploma kisha akapanda, na wala hiyo si njia ya walioshindwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor chenyewe kilianza kama taasisi ya ufundi ya MIOME, kikapita kwenye hatua ya politekniki, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Hisabati utakayokutana nayo zaidi ni mantiki, seti, matriki na uwezekano. Aliyekwama kwenye kalkulasi asijihukumu mapema.

3. Mwanangu hakuwahi kuwa na kompyuta nyumbani. Atawafikia wenzake?

Atawafikia. Pengo la muhula wa kwanza ni la mambo madogo: kuchapa bila kutazama vidole, kujua faili limehifadhiwa wapi, kutumia terminali (dirisha la kuandikia amri) bila woga. Dakika 20 za kuchapa kila siku hulipunguza sana kabla muhula haujaisha.

Mtego uko kwingine. Mwanafunzi huyu huketi kando ya rafiki mwepesi, akatazama mwenzake akichapa, na kazi ikaisha bila yeye kugusa kibodi. Kwenye kazi ya wawili wawili, kibodi ishikwe na yule anayejua kidogo. Anayejua zaidi aongoze kwa mdomo.

Tena kuna asili ambayo watu hawaihesabu. Kijana aliyekua dukani Kongowea au Majengo akiandika daftari la madeni tayari anajua jambo ambalo wengi hulipata mwaka wa tatu: muamala ulioandikwa haufutwi. Ukikosea, unaandika mstari mwingine wa kusahihisha, ili kesho mtu akiuliza, historia yote ionekane. Hifadhidata za fedha hujengwa hivyo hivyo.

4. Kiingereza changu ni hafifu. Kitanizuia?

Kitakuchelewesha mwanzoni tu. Maneno ya lugha ya programu yenyewe ni machache; Python ina kama 35. Kinachowatatiza watu ni nyaraka na ujumbe wa hitilafu. Weka daftari: upande mmoja ujumbe ulivyotokea neno kwa neno, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili chako na dawa iliyofaa. Ujumbe hujirudia, na si muda mrefu utakuwa ukilifungua daftari hilo kabla ya intaneti.

5. Kwenye utambulisho wangu kwa waajiri niandike nini?

Andika sentensi zinazoweza kukaguliwa. "Nina bidii na napenda teknolojia" haimwambii mtu chochote. Linganisha na hii: "Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mombasa. Nimetengeneza mfumo wa kuweka nafasi za ukumbi unaotumia Django na PostgreSQL. Una majaribio 40 na maelezo ya kuuwasha kwa hatua 5." Yeyote anaweza kwenda kuhesabu.

Kwenye mazoea ya kazi, taja jinsi unavyopima na unavyotunza kumbukumbu. Maadili yaonyeshe kwa kitendo: taja mahali ulipotumia kazi ya mwenzako na umtambue. Usiweke nambari ya kitambulisho, mtaa unaoishi, wala majina ya wazazi. Ukurasa wa umma husomwa pia na matapeli.

## Vifaa na hali ya hewa ya Pwani

6. Laptopu gani inatosha?

RAM ya GB 8 ni kiwango cha chini na GB 16 kama utatengeneza programu za Android. Diski iwe SSD (ile isiyo na sehemu zinazozunguka), angalau GB 256. Kasi ya prosesa ina uzito mdogo kuliko hivyo viwili. Wengi hununua ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na si kosa, mradi ukague ukiwa bado dukani:

- kwenye Windows endesha `powercfg /batteryreport`, ulinganishe uwezo wa betri wa sasa na ule wa kiwandani; ukiwa chini ya asilimia 60, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei;
- washa upya na uingie BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache;
- fungua na ufunge kifuniko mara kumi ukisikiliza bawaba, kisha bonyeza kila herufi.

7. Kwa nini laptopu huchakaa haraka huku kwetu?

Joto, vumbi na chumvi. Feni ikiziba, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye mashine hudhani imezeeka. Isafishwe ndani kila miezi 6, na ukiwa karibu na bahari, Nyali au Likoni kwa mfano, usipitishe hapo. Usifanyie kazi juu ya godoro, maana matundu ya hewa yako chini.

Hatari isiyojulikana na wengi ni ya kutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mashine ikiwa baridi halafu ikaingia kwenye hewa ya nje yenye unyevu, matone hujikusanya juu yake na hata ndani, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho. Iache ndani ya begi nusu saa ndipo uiwashe.

8. Nyaya za baharini zinatua Mombasa. Mbona bando bado ghali, na nitapunguzaje matumizi?

Ni kweli zinatua hapa: SEACOM na TEAMS zilianza 2009, EASSy ikafuata 2010. Lakini waya wa baharini ni barabara kuu tu. Bei unayolipa inabeba pia safari kutoka ufukweni hadi mtaani kwako: minara, nyaya za mitaani, leseni na faida ya anayekuuzia.

Kupunguza: ukipakua mradi kwa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, tumia `git clone --depth 1` usipohitaji historia yote. Kwenye miradi ya JavaScript, tumia `npm install --prefer-offline` ili vifurushi ulivyokwisha kupakua visipakuliwe upya. Kwenye Windows, weka mtandao wa simu kama unaolipiwa kwa kipimo ili masasisho yasijishushe. Kiigaji cha Android (simu ya bandia ndani ya kompyuta) hula gigabaiti kadhaa. Chomeka simu yako kwa waya wa USB na ujaribu programu humo. Upakuaji mkubwa ufanyie chuoni au mahali kama Swahilipot pale Mji wa Kale.

9. Stima ikipotea katikati ya kazi?

Laptopu yenye betri nzima haijali. Kinachozimika ni ruta, na nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta inatosha. Soma volti zilizoandikwa kwenye adapta kabla ya kununua.

## Mazoea ya kazi

10. Ratiba gani inafaa kwa anayesafiri kila siku kutoka Likoni, Kisauni au Mtwapa?

Usihesabu muda wa njiani kama muda wa kuandika msimbo. Ndani ya matatu au kwenye foleni ya feri, fungua nyaraka ulizopakua kwenye simu, au andika kwa kalamu hatua utakazofuata ukifika. Hilo la pili lina faida kuliko linavyoonekana, kwa sababu anayeketi mezani akijua mstari wa kwanza atakaouandika hapotezi nusu saa akizunguka.

Kazi ngumu iwekwe wakati wa baridi. Baada ya swala ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi nyumba imetulia na mashine haijapata moto. Mchana wa joto uachie kusahihisha maandishi, kupima na kujibu barua pepe. Gawa kazi katika vipande vya dakika 90, na kabla ya kuinuka andika sentensi moja: "Nimeishia hapa, kinachofuata ni hiki."

Mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka. Wengi huona vizuri zaidi kufanya kazi ya kufikiri kabla ya adhuhuri na ile nyepesi baada ya tarawehe. Kundi lenye mchanganyiko wa dini likubaliane saa za mikutano kabla ya mwezi kuandama, na wasiofunga wasiweke kikao saa ya kufuturu.

11. Programu imegoma na sijui pa kuanzia. Nifanyeje?

Soma ujumbe wote, hasa mstari wa mwisho kwa Python na ule wa kwanza kwa lugha nyingi nyingine. Wanafunzi wengi hunakili ujumbe kwenda kuutafuta mtandaoni kabla hawajausoma.

Kisha irudie hitilafu kwa makusudi. Usipoweza kuirudisha, hutajua kama umeitibu. Punguza msimbo hadi ubaki mdogo kabisa ambao bado una kosa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu na ikapona, hujajifunza dawa ni ipi, na viwili vilivyobaki vitakusumbua baadaye. Kama ilifanya kazi wiki iliyopita, tumia `git bisect`. Hugawa historia nusu kwa nusu, hivyo kati ya hatua 128 utaipata iliyoharibu kwa majaribio 7.

Dakika 30 zikipita bila dalili mpya, omba msaada. Andika ulichotaka kitokee, kilichotokea, ujumbe kamili kwa maandishi na wala si picha ya skrini, na ulichokwisha kujaribu. Mara nyingi utapata jibu kabla hujamaliza kuandika.

12. Tunagawanaje kazi ya kundi bila mmoja kubeba wote?

Kila mtu awe na tawi lake (nakala ya kufanyia kazi kando) kwenye Git, na hakuna anayeunganisha kazi yake mwenyewe kwenye tawi kuu bila mwingine kuisoma. Vipande viwe vidogo: mistari 200 husomwa, 2,000 hupigwa muhuri bila kutazamwa. Historia ya Git itaonyesha nani alifanya nini, kwa hiyo hakikisha `user.name` na `user.email` zimewekwa sawa kwenye mashine ya kuazima, la sivyo kazi yako itahesabiwa kwa mwenye mashine.

Msomaji wa kazi ya mwenzake auseme msimbo, asimseme mtu. "Hapa orodha ikiwa tupu programu itaanguka" inatosha.

## Maadili

13. Kwa nini mnasisitiza amana kwenye kazi ya kompyuta?

Kwa sababu neno hilo linaeleza kazi hii kuliko istilahi nyingi za kitaalamu. Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwako: huimiliki, huitumii kwa haja yako, na utaulizwa. Orodha ya wagonjwa wa zahanati ni amana. Nywila ya seva ya mteja ni amana. Hata muda wa anayeketi kwenye foleni kwa sababu mfumo wako umekwama ni amana.

Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 kipimo kikubwa kupita kiasi huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Vizuizi vya kimekanika vilivyokuwa kwenye mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, usalama ukaachiwa programu, na programu ilikuwa na hitilafu iliyotokea pale mhudumu alipohariri maagizo haraka. Malalamiko ya mwanzo hayakuaminiwa. Mwanafunzi aisome kesi hii mwaka wa kwanza, asisubiri somo la maadili la mwaka wa mwisho.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kanuni yake rahisi kuishika ni hii: usikusanye usichokihitaji. Fomu ya kuagiza pilau haina haja ya nambari ya kitambulisho.

14. Kutumia akili mnemba kuandika msimbo ni udanganyifu?

Fuata kwanza sharti la mwalimu wa somo husika. Pale inaporuhusiwa, kipimo ni kimoja: usiwasilishe mstari usioweza kuueleza ukiulizwa. Kamwe usibandike humo data ya mteja wala funguo za siri (swali la 13).

15. Mjomba anataka tovuti ya duka lake bure. Nitamkataliaje?

Si lazima umkatalie, ila usiifanye bila makubaliano. Undugu huharibika pale ambapo kazi haina mwisho. Andika ukurasa mmoja: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi (mbili zinatosha), lini itakamilika, na nani atalipia jina la tovuti na seva kila mwaka. Kwa mteja asiye ndugu, chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara tangu siku ya kwanza. Ukilisajili kwa jina lako, hata kwa nia njema, siku ukihama au mkikosana duka lake litakuwa mikononi mwako. Kulizuia ili ulipwe deni ni kuvunja amana. Deni hudaiwa kwa makubaliano yaliyoandikwa.

16. Nimepewa kazi ya tovuti ya kamari, na dini yangu hainiruhusu. Lakini nahitaji karo.

Kama una shaka, sema mapema. Kukataa siku ya kwanza hakumwumizi mtu. Kuacha kazi nusu kunamwumiza mteja na jina lako. Huhitaji kumhutubia. "Kazi hii siifanyi, lakini naweza kukufanyia nyingine" ni jibu kamili. Na kama uko kwenye mafunzo ya kazini, mwone msimamizi wako wa chuo akuombee kazi tofauti kabla hujaingia kwenye mradi.

17. Nimegundua mfumo wa ofisi fulani una tundu. Niingie niwaonyeshe?

Usiingie. Chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kuingia bila idhini ni kosa hata kama hukuharibu kitu. Andika ulichokiona bila kwenda mbele zaidi, wapelekee wahusika kwa maandishi, usikitangaze, na usidai malipo kwenye barua hiyohiyo, kwani itasomeka kama vitisho.

## Yanayokwamisha hata waliobobea

18. Mfumo wangu unasema mteja amelipa kwa M-Pesa, kumbe hajalipa. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara umechukua jibu la kwanza kuwa malipo. Kwenye Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, ukituma ombi la kumtokezea mteja dirisha la PIN, `ResponseCode` 0 maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Matokeo huja baadaye kwenye anwani yako ya kupokelea: `ResultCode` 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana.

Kwa hiyo hifadhi `CheckoutRequestID` (kitambulisho cha ombi) mara tu unapoipata, weka hali ya oda kuwa "inasubiri", na uibadilishe matokeo yakifika. Yanaweza kufika mara mbili, au yasifike. Msimbo wako ukubali kila kitambulisho mara moja tu, na uulize hali yake mwenyewe ukimya ukizidi dakika moja au mbili. Anwani iwe ya HTTPS na ionekane kwenye intaneti, `localhost` (anwani ya mashine yako mwenyewe) haifikiwi. Nambari ya simu ianze na 254 bila alama ya kujumlisha, na usisahau zile za 01: mifumo mingi ya zamani hukubali 07 pekee. Ihifadhi kama maandishi, maana mteja akiiandika kwa 07 au 01 nawe ukaihifadhi kama tarakimu, sifuri ya mwanzo hupotea.

19. Ni mitego gani ya Kiswahili na ya majina ambayo vitabu havisemi?

Saa kwanza. Mteja akiandika "saa mbili asubuhi" anamaanisha 08:00. Hifadhi muda kwa UTC (saa ya kimataifa), onyesha kwa `Africa/Nairobi`, na kwenye skrini andika mifumo yote miwili: saa 2 asubuhi, 08:00. Usiku una mtego mkubwa zaidi. Kwa wazee wengi wa Pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mfumo wa kukodi ukumbi wa harusi usioeleza hili utazikutanisha harusi mbili mlangoni. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa".

Majina nayo. Mtu hapa huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Hakuna "jina la ukoo" la kulazimisha. Weka sehemu moja ya jina kamili. Na jaribu mfumo wako kwa jina Ng'ang'a. Ukianguka, basi unaunganisha maandishi ndani ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), na tundu lililomwangusha Ng'ang'a ndilo atakalopitia mwizi. Tumia maswali yenye vigezo (parameterized queries).

20. Laptopu imeibwa kwenye matatu, na ndani mna data ya mteja. Nianze wapi?

Anza na funguo, mashine ifuate. Kwa simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila ya barua pepe, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha futa funguo za SSH (za kuingilia seva) na tokeni zote za GitHub, Daraja na seva. Mengine yote yanaweza kusubiri saa moja, haya hayasubiri. Halafu nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio).

Mjulishe mteja siku hiyohiyo. Sheria ya 2019 inampa anayechakata data kwa niaba ya mwingine saa 48 za kumwarifu aliyempa kazi hiyo, hapa ni mteja, naye mteja ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pale ambapo wahusika wanaweza kudhurika. Mweleze ni faili zipi, za watu wangapi, na kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker au LUKS, programu za kuifunga diski isisomeke bila ufunguo. Ikiwa ilifungwa na nywila yako ni ngumu, aliyeiba amepata chuma na kioo tu. Kuifunga diski mpya huchukua dakika chache. Nakili ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi na uiweke nyumbani, mbali na begi la laptopu.